Sinema ya Jumapili Ile

Jumapili ya tarehe 23 Juni 2002 hapakuwa na mechi. Robo fainali za Kombe la Dunia zilikuwa zimekwisha Jumamosi, nusu fainali zingeanza Jumanne, na mwenye banda la video mtaani kwetu Majengo, mjini Dodoma, akaona ajaze mabenchi yake kwa filamu ya Arnold Schwarzenegger iitwayo Collateral Damage. Rafiki yangu alinipitia mapema ili tuwahi nafasi za mbele. Kaka yake alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwa treni, nasi tulikuwa tumekubaliana kwenda kumpokea stesheni asubuhi.

Filamu hiyo tulikuwa tumeingojea muda mrefu. Ilipangwa kutoka Oktoba 2001, lakini baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani iliahirishwa hadi Februari 2002, kwa kuwa kisa chake kinaanza na bomu: mzimamoto wa Los Angeles anachelewa kidogo kuwafikia mkewe na mwanawe, nao wanalipuliwa mbele ya macho yake. Nilidhani hadithi iliyolazimika kuwapisha wafiwa wa kweli ingekuwa na uzito. Badala yake, mama na mtoto walipewa dakika chache, kisha tukapelekwa Kolombia, kwenye misitu na mbio na milipuko isiyokwisha, mpaka nikahisi kwamba waliuawa ili shujaa apate sababu ya safari. Tulirudi nyumbani tukizilalamikia shilingi mia zetu njia nzima, kana kwamba tumeibiwa.

Asubuhi treni haikufika. Waliokuja kupokea wageni walikaa kwenye vivuli, wakanunua chai, wakauliza, wakakaa tena, kwa maana kuchelewa kwa treni halikuwa jambo geni kwa mtu yeyote wa reli ya kati. Habari zilianza kama mnong'ono, kisha zikawa kilio. Treni hiyo, iliyobeba abiria zaidi ya 1,200, ilikuwa imeshindwa breki kwenye kilima cha Igandu, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Waliokufa walifikia 281.

Tuliwatafuta majeruhi wote kwanza, wodi kwa wodi, tukisoma majina na kuwatazama usoni hata wale ambao majina yao tulikuwa tumekwisha kuyasoma. Baadaye, mjomba wao akasema kwa upole, "Wanangu, sasa twendeni Jamhuri." Uwanja ule niliuzoea kwa mpira na sherehe. Siku hiyo watu waliingia wakiwa wameziba pua kwa khanga na leso, wakatembea polepole kando ya miili iliyolazwa ili ndugu waitambue, na kila baada ya muda sauti moja ilipasuka mahali fulani, nasi sote tukasimama bila kugeuka, kwa sababu kugeuka kulikuwa kama kumvua nguo aliyempata wake. Rafiki yangu alimtambua kaka yake kwa sweta la kijani alilofumiwa na mama yao. Hakulia. Aliinama akalivuta sweta lile limfunike tumbo, kama mtu anavyomfunika mdogo wake aliyelala vibaya.

Kulikuwa na wengine ambao hawakutambuliwa na mtu, wakazikwa na serikali. Nimewafikiria zaidi ya wote, kwa sababu mahali fulani palikuwa na mama aliyekuwa bado anasubiri kwenye kivuli cha stesheni.

Usiku wa tatu wa matanga, chini ya turubai, wazee walikuwa wamenyamaza na upepo wa Juni ulikuwa ukipenya kila mahali. Rafiki yangu alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi yule mtoto wa kwenye sinema aliitwa nani?"

Nilijitahidi kukumbuka. Mlipuko niliukumbuka, na uso wa baba yake, hata kiti alichokalia. Jina sikulikumbuka. Akasema naye hakulikumbuka, akajifunika shuka.