Bado

Jumamosi nilimpokea shangazi stendi ya Magufuli, Mbezi, akitokea Same na mfuko wa tangawizi. Mume wangu alikuwa zamu bandarini. Tulipofika nyumbani Kimara akafungua chumba kidogo, akaona cherehani na vitambaa.

"Hiki mmemwekea nani?"

"Nashonea, shangazi."

"Kumbe bado?"

"Bado."

Neno hilo nimelisema miaka tisa. Umeolewa? Umejenga? Umezaa? Jibu la adabu ni bado. Ukisema hapana, watu wanashtuka. Lakini bado yangu ni uongo. Mimi na mume wangu tulikubaliana kabla ya ndoa kwamba hatutazaa, na hakuna kati yetu aliyebadili mawazo.

Wengi hudhani ni ubize: yeye bandari, mimi uhasibu Posta, mwendokasi kabla jua halijachomoza. Hapana. Mimi ni kifungua mimba. Nilibeba wadogo zangu wanne mgongoni, nikakesha na homa zao nikiwa sijamaliza darasa la nne. Niliwalea kwa mapenzi, na sijawahi kutamani kuanza tena. Ada za watoto wa mdogo wangu wa kiume tunalipa, ila sitaki hilo liwe ndiyo kibali chetu.

Najua naishi wapi. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8. Mtaani kwetu kila mwanamke ni Mama Fulani; muuza genge akitaka kuniita husita kwanza, ndipo aseme "dada." Hayo nimeyazoea.

Nisichokizoea kilitoka chini ya zile tangawizi: chupa ya dawa ya mizizi, imefungwa kwa kipande cha khanga. Ya kusafisha kizazi. Alikuwa ameinunua kwa hela ya mavuno yake. Nikaishika, nikaona aibu kweli. Bado yangu ilikuwa imemla mtu anayenipenda.

Usiku, tukimenya tangawizi ya chai, nikamwambia yote. Alinyamaza mpaka sufuria ikachemka.

"Na mwenzio anajua?"

"Tuliamua wote wawili, shangazi."

"Na uzee?"

Nikamwambia hilo tunaliwazia, na linatutia hofu kama linavyomtia kila mtu. Akaichukua chupa, akairudisha mfukoni, akakaza fundo.

Jana nilimsindikiza stendi. Mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi, akaniambia mama nisimwambie kwa simu. Niende mwenyewe.