Dagaa wa Mwanza si ndugu wa dagaa wa Kigoma

Miaka yote nimekula dagaa nikiamini ni samaki mmoja, tofauti ni ziwa tu. Jana nimenunua makopo mawili, la Mwanza na la Kigoma, nikawamwaga kwenye sinia kuwachambua na mama. Akaniambia, "Mwanangu, pitisha kidole tumboni." Yule wa Kigoma ana kijimsumeno cha magamba makali chini ya tumbo. Wa Mwanza hana!

Nikakaa kusoma hadi usiku. Wa Mwanza ni *Rastrineobola argentea*, Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene. Mtaalamu wa samaki Pellegrin alimweleza kisayansi mwaka 1904, na yumo kundi moja kubwa na ningu, samaki mwingine wa Ziwa Viktoria. Wa Kigoma ni *Stolothrissa tanganicae*, aliyeelezwa na mtaalamu mwingine, Regan, mwaka 1917, na huyo ni wa jamaa ya samaki wa baharini aitwaye simu, aina ya sadini. Samaki wa asili ya bahari, ndani ya Ziwa Tanganyika! Mara nyingi huvuliwa pamoja na *Limnothrissa miodon*, jamaa yake mwenye mwili mkubwa zaidi.

Mama hajasoma hata jina moja kati ya hayo, lakini kidole chake kilishajua. Nimemwomba kesho anifundishe na dagaa wa Unguja.