Jozi moja, miguu miwili isiyolingana: siku yangu ya kushona viatu Tanga

Saa 11 alfajiri

Nashona viatu kwa jinzi za mtumba na matairi makuukuu, na jinzi tatu zimelala kwenye ndoo ya sabuni tangu jana usiku. Nazisuuza, nazikamua, naziweka kambani nyuma ya nyumba kabla jua halijachomoza. Mtumba usiofuliwa sikati hata siku moja. Harufu ya marobota ni sababu ndogo. Kubwa ni kwamba pamba husinyaa ikilowa, na kiatu kikisinyaa baada ya kushonwa kinambana mwenyewe. Heri nguo isinyae ikiwa bado suruali.

Leo nina ahadi. Alhamisi iliyopita alikuja bibi mmoja kutoka Pangani, kaongozana na binti yake. Mguu wa kulia alivaa ndala. Wa kushoto aliuviringisha kipande cha kanga na kukifunga kwa kamba, kwa sababu mguu huo una matende na hakuna duka lililowahi kumuuzia kiatu kinachoingia. Viatu huuzwa jozi, na jozi huchukulia kwamba miguu yako inafanana. Atarudi leo jioni.

Saa 1 asubuhi

Chai ya mchaichai, maandazi mawili na mbaazi za nazi, kisha baiskeli mpaka Ngamiani. Tanga ni mji wa baiskeli, na kwangu hiyo ni neema ya pekee: mipira ya ndani iliyotoboka mara nyingi kupita kiasi, mafundi baiskeli hunipa bure au kwa bei ya soda. Ndiyo ninayoikata mikanda myembamba ya kuzungushia kisigino.

Kwa wauza mitumba nasubiri robota lifunguliwe na wateja wachague kwanza. Ninachotaka mimi ni kile wanachokiacha: suruali iliyochanika goti, iliyokatika zipu, iliyomwagikiwa rangi. Wengi hudhani jinzi ikishapasuka imekwisha. Mimi naigeuza kwenye mwanga na kuisoma. Katika jinzi, nyuzi za mtande, zinazokwenda urefu wa kitambaa, ndizo zilizotiwa rangi ya buluu; za mshindio, zinazozikata kwa upana, ni nyeupe. Kwa hiyo unapoona goti limeanza kuwa jeupe lenye manyoya, mtande umekwisha kulika, na hapo hata ukishona kwa uzi wa meli kitambaa kitaachia. Lakini bandua mfuko wa nyuma: chini yake kuna kitambaa cheusi kama kilitoka kiwandani jana. Mkanda wa kiunoni una tabaka kadhaa zilizokwisha shonwa pamoja. Huo ndio ukanda wa kisigino. Mshono wa mguuni uliokunjwa mara mbili ndio gidamu. Suruali moja mbovu, ukiijua, ina jozi mbili ndani yake.

Leo nimepata tano kwa shilingi 4,000.

Saa 3 asubuhi

Mpwa wangu ameshaleta tairi. Anataka kujifunza, na nimeanza naye kwenye tairi kwa sababu ndipo watu huumia.

Kwa katambuga za kawaida tunatumia tairi la bodaboda. Mara nyingi halina waya isipokuwa kwenye ukingo unaoshika rimu. Tabaka zake za ndani ni nyuzi za nailoni, na kisu hupita. Ila ni jembamba, na unyayo wa kushoto wa bibi ni mpana kuliko kiganja changu kilichotanuliwa. Ilibidi tutafute la lori, la zamani, lenye nyuzi. Matairi mengi ya magari ya siku hizi yana waya wa chuma chini ya kashata, yale meno yanayokanyaga barabara. Usiyashone kamwe! Waya ukichomoza baada ya miezi miwili unaingia kwenye unyayo, na kwa mguu wa matende kidonda kidogo kama hicho ndicho mlango wa homa na uvimbe mpya.

"Shangazi, si tuyayeyushe tu tumimine kwenye kalibu?"

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Mpira wa tairi umepikwa na salfa, njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839, na ukishapikwa hivyo hauyeyuki tena kama plastiki. Ukiutia motoni unaungua na kutoa moshi mweusi. Basi kazi ni kukata. Kisu kinalowekwa kwenye maji ya sabuni kila baada ya hatua chache ili kiteleze, na unavuta kuelekea pembeni, kamwe si kuelekea tumboni. Mistari inachorwa kwa chaki, mviringo wa tairi ukifuata urefu wa mguu. Ukifanya hivyo ncha ya mbele inainuka kidogo yenyewe, na mzee anayeburuta mguu hajikwai.

Soli zote mbili lazima ziwe na unene mmoja, hata kama upana haulingani. Ukiongeza unene upande mmoja unampa mtu maumivu ya kiuno ambayo hakuja nayo.

Nafurahi tairi likiingia humu ndani. Likitupwa nyuma ya gereji linakinga maji ya mvua, na maji yale ndiyo mazalio ya mbu wa dengi. Mwaka 2019 ugonjwa huo ulipoikumba Dar es Salaam ulifika na hapa kwetu Tanga, na tangu hapo sipiti karibu na tairi lililolala uani bila kulipindua.

Saa 6 mchana

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Kalibu ya mti ninayo ya saizi za kawaida. Ya mguu wa bibi haiuzwi popote, nikaitengeneza mwenyewe: soksi kubwa niliyoijaza vipande vya jinzi, nikivishindilia na kupima kwa utepe mpaka ikafikia vipimo vitatu nilivyovichukua, vya vidoleni, kiganja cha mguu na juu ya kifundo. Vipimo hivyo nilivichukua saa 11 jioni, akiwa amesimama na uzito wote chini. Mguu wowote huvimba kadiri siku inavyokwenda. Ukimpima mtu asubuhi akiwa ameketi, umemshonea kiatu cha asubuhi.

Kitambaa cha juu ni jinzi tabaka mbili, na mtande unafuata urefu wa kiatu, maana ukikata mshazari kinavutika na baada ya wiki kinapwaya. Ndani ni kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto. Mishono yote nimeigeuzia nje. Haipendezi sana kwa macho, lakini ndani hakuna hata uzi mmoja wa kumkwaruza. Na kiatu kinafunguka chote hadi vidoleni, kisha kinafungwa kwa kanda tatu, asubuhi azikaze, jioni azilegeze.

Kwa nini kifunguke chote? Muuguzi mmoja alinieleza: minyoo ya matende hupelekwa na mbu, na vidonge vya kingatiba vimesaidia sana kupunguza maambukizi, ila mguu uliokwisha vimba miaka mingi kwa kawaida haurudi ulivyokuwa. Kilichobaki ni kuutunza. Uoshwe kila siku kwa sabuni, ukaushwe vizuri katikati ya vidole, uinuliwe wakati wa kupumzika, uvikwe kiatu kisichobana. Kiatu kigumu kuvua hufanya mtu aache kuuosha.

Unyayo wa ndani ni tabaka sita za kanga na taulo zilizogandishwa kwa uji wa unga wa muhogo, zikalala chini ya jiwe siku mbili. China wanashona soli nzima kwa vitambaa vilivyopangwa hivyo. Mwaka jana nilijaribu soli ya kamba ya mkonge, maana mkonge ndio fahari yetu. Masika moja tu ikanywa maji na kuoza. Sasa mkonge nautumia kusuka ukingo tu, mahali pasipogusa tope.

Saa 9 alasiri

Kuunganisha. Msasa kwenye mpira, gundi pande zote mbili, mlango na dirisha wazi, kisha kusubiri mpaka kidole kikigusa kisinate. Mpwa wangu hana subira na gundi. Amebandika mapema, ikateleza, tumebandua na kuanza upya, saa nzima imepotea. Nimemkemea kuliko alivyostahili, nikamwomba radhi.

Gundi peke yake haiaminiki kwa joto la hapa. Nikatoboa kwa msharasi kuzunguka soli yote, nikashona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika tundu moja, ili uzi mmoja ukikatika wa pili ubaki umeshika.

Saa 11 jioni

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umenishonea?"

Akaketi kwenye kigoda. Binti yake alitaka kumvisha, akakataa, akainama mwenyewe. Kanda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akatoka nje mpaka barabarani. Nilimsikiliza zaidi kuliko kumtazama: hatua ya kulia na ya kushoto zilikuwa na mlio mmoja.

Kanda ya juu ilikuwa fupi kidogo kwake. Nikairefusha palepale kwa kipande cha mkanda wa kiunoni.

Alinilipa shilingi 15,000 tulizopatana, kisha akaiviringisha ile kanga ya mguuni na kuitia kwenye mkoba. Akasema, "Hiki cha shamba na sokoni. Sasa nishonee cheusi. Mjukuu wangu anaolewa baada ya mfungo, na harusini sitaki kukaa chumbani tena."

Saa 2 usiku

Vipimo vyake nimevibandika ukutani, na ile soksi iliyoshindiliwa iko juu ya rafu. Katika zile jinzi tano za asubuhi moja ni nyeusi. Nimeipeleka kwenye taa: magoti yamekwisha, lakini mapajani na chini ya mifuko rangi imekolea bado. Inatosha jozi, na kipande cha ua la pembeni.