Kompyuta ya mezani, awamu ya pili: RAM inayosahau saa nane mchana

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Imewaka. Mdogo wangu alipanda na vifaa kutoka Kariakoo kwa treni ya SGR, begi kalipakata njia nzima kama kichanga, na jana usiku tumefunga kila kitu juu ya meza ya chakula hapa Nkuhungu, Dodoma. Prosesa ni Ryzen 5 5600G, ubao mama ni wa B550 wenye sloti nne za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), SSD ya GB 500, na RAM mbili za GB 8 kila moja, aina ya DDR4 zenye kasi ya 3200. Kadi ya picha sijanunua, prosesa hii ina ya kwake ndani.

RAM tumezichomeka sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kama kitabu cha ubao kinavyotaka. Hewa ya miezi hii ni kavu mpaka nywele zinalia ukizichana, kwa hiyo kila kabla ya kushika kitu tuligusa chuma cha kasha. Dogo alinicheka. Acheke tu, pesa si zake.

Windows imegoma kuingia mara mbili, eti kuna mafaili haikuweza kuyanakili. Mara ya tatu ikaingia. Nikasema ni fleshi yangu mbovu, nikaenda kulala.

Jumatano, 9 Oktoba

Skrini ya bluu mara nne tangu Jumapili, na kila mara inakuja na kosa jipya. Leo inalalamikia kumbukumbu, kesho draiva ya mtandao, keshokutwa faili la mfumo. Jana vilitokea vijimraba vya kijani kwenye skrini, vikacheza kidogo, vikapotea.

“Dada, huo ni umeme tu,” dogo anasema. “Nunua stabilaiza.” Nikanunua. Skrini ya bluu ikarudi na stabilaiza yake.

Kilichonitoa kwenye umeme ni vile vijimraba. Prosesa isiyo na kadi ya picha hukopa kipande cha RAM kuchora kila unachokiona. RAM ikiharibu data, uharibifu huo unaweza kuuona kwa macho kabisa.

Ijumaa, 11 Oktoba, usiku

Hapa nilifanya ujinga, nauandika kama ulivyo. Nilichomoa RAM zote mbili, nikasugua miguu yao ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikazirudisha kwa kubadilishana sloti, kisha nikaingia kwenye bayosi, mipangilio ya ubao inayotangulia Windows, nikazima XMP, ile inayoziruhusu RAM kukimbia kwa kasi yao kamili, ili zishuke kutoka 3200 mpaka 2400. Yote kwa mkupuo mmoja. Saa tano usiku nikawasha Memtest86+ kutoka kwenye fleshi. Ni programu ya bure inayowaka yenyewe bila Windows, inaandika namba kwenye RAM yote na kuzisoma tena kuona kama zimebaki vilevile. Mzunguko mmoja wa GB 16 umechukua karibu saa moja na nusu. Makosa sifuri.

Nikashangilia. Ila kama ni kweli imepona, imeponywa na nini? Raba? Sloti? Kasi? Sijui, na kosa ni langu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Haijapona. Mchana huu nilichukua video moja ya kwaya, GB 5 hivi, nikaipigia hesabu ya SHA-256. Hesabu hiyo inatoa msururu wa herufi na tarakimu 64, na faili lisiloguswa lazima litoe msururu uleule hata ukipiga mara elfu. Nimepiga mara tatu, nikizima na kuwasha katikati. Ya kwanza na ya tatu zimelingana. Ya pili imekuja tofauti kuanzia herufi ya kwanza. Faili hakuna aliyeligusa.

Jumatatu, 14 Oktoba, Siku ya Nyerere

Mapumziko, siku nzima ni yangu. Safari hii nabadilisha kitu kimoja tu kila mara, na daftari liko pembeni. RAM moja nimeipaka nukta ya rangi ya kucha pembeni, inaitwa Nyekundu. Nyingine inaitwa Tupu. XMP bado imezimwa.

Saa mbili asubuhi: Nyekundu peke yake, sloti ya pili. Safi.

Saa nne kasorobo: Tupu peke yake, sloti ileile. Imefika asilimia 78 bila kosa, giza likaingia. Uniti za LUKU zimeisha! Sina wa kumlaumu. Nimenunua nyingine kwa simu, nikaanza upya.

Mpaka hapo nilikuwa nakaribia kuziachia huru RAM zote mbili na kuuhukumu ubao. Lakini saa saba na nusu, bati limeshashika moto na feni ya chumbani inazungusha joto tu, mstari mwekundu wa kwanza ukatokea. Halafu wa pili. Kufika saa nane na robo ilikuwa 41.

Nikasogeza kiti karibu na kioo. Kila mstari unaonyesha anwani, kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kilichotarajiwa ni f kumi na sita mfululizo. Kilichopatikana:

ffffffffffffefff

Nilisoma mara tatu ndipo nikaiona. Ya nne kutoka kulia ni e. Kila f ni biti nne (vijiswichi vya 0 au 1) zilizowaka, na e maana yake mojawapo imezimika. Makosa yote 41 ni biti hiyohiyo, kwenye anwani zilizokaribiana. Kati ya biti zaidi ya bilioni 68 za kipande kile, hizi chache ndizo zimenisumbua wiki nzima.

Na kwa nini usiku ilikuwa inapita? Ndani ya RAM kila biti ni chaji ndogo mno ya umeme iliyowekwa kwenye kapasita, kijichombo cha kutunzia chaji, na chaji hiyo inavuja muda wote, kama ndoo yenye ufa. Ndiyo sababu RAM lazima ijazwe upya bila kupumzika. Kwa DDR4 kila biti hufikiwa ndani ya milisekunde 64. Joto likipanda, ufa unapanuka. Biti dhaifu inavumilia milisekunde 64 za saa tano usiku, lakini za saa nane mchana chini ya bati inashindwa.

Bila kungoja ipoe nikaihamishia Tupu sloti ya nne. Makosa, biti ileile. Nyekundu sloti ya nne, saa tisa na nusu, joto bado lipo: safi. Kosa linaifuata Tupu kila inakokwenda. Ubao hauna hatia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimempigia muuzaji. “Dada'angu, mbona hapa zilikuwa zinawaka vizuri?” Nikamwambia hata kwangu zinawaka vizuri, shida ni kwamba zinasahau. Akacheka, ila hakukubali mpaka nilipomtumia picha ya skrini yenye mistari myekundu na video ya dakika mbili ninayohamisha kipande kutoka sloti hadi sloti. Anataka zote mbili kwa kuwa ziliuzwa kama jozi. Nyekundu nimeifuta rangi kwa asetoni, naiaga kwa shingo upande. Dogo anazipeleka akishuka Dar.

Jumapili, 27 Oktoba

Jozi mpya imefika jana. Mizunguko minne kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, ikiwemo saa nane ya moto. Sifuri. Nikawasha XMP, 3200, ikazunguka usiku kucha. Sifuri. SHA-256 ya ile video nimeipiga mara kumi, jibu ni moja. Windows nimeifuta na kuiweka upya, kwa sababu ile ya zamani iliingia kupitia RAM mbovu na sitaki kujua nini kiliandikwa vibaya humo.

Kazi iliyobaki ni ya kuchosha. Wiki ile ya kwanza nilihamishia huku picha 640 za harusi ya shangazi, kisha nikazinakili kwenye diski ya nje. Leo nimelinganisha hesabu za nakala hizo na za asili zilizo kwenye laptopu ya zamani. Nne hazilingani. Tatu ukizifungua huoni kitu. Ya nne ni shangazi akikata keki, na kuanzia kidevuni kwenda chini amegeuka kijani.

Laptopu ya zamani dogo alishaiomba. Nimemwambia asubiri.