Mistari Myembamba na Nukta kwa Eabrashi: Shughulikia Rangi Kabla ya Kununua Sindano

Sogea karibu na ubavu wa nganya (matatu iliyorembwa) iliyochorwa vizuri jijini Nairobi, uangalie uso wa mwanamuziki aliyechorwa pale. Kilichoupa uhai ni kope, vinyweleo vya ndevu, mikunjo midogo ya midomo, na ile nukta moja nyeupe ndani ya mboni. Spreigani, ile bunduki kubwa ya kupulizia rangi, haiwezi kufika huko. Hiyo ni kazi ya eabrashi, kalamu ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, na ndipo wengi wenye mkono mzuri wa kuchora hukwama: mstari unatoka mnene, unatapakaa pembeni, au unakuja kwa kukatikakatika.

Jambo la kwanza ambalo watu hukimbilia ni kununua sindano ndogo zaidi, yaani ile iliyo ndani ya eabrashi inayofungua na kufunga rangi. Ningemshauri fundi asubiri. Eabrashi yenye nozeli (mdomo wa kutolea rangi) ya mm 0.3 kama Iwata HP-C Plus, au hata ya mm 0.35 kama Iwata Eclipse HP-CS, hutoa mstari mwembamba kuliko milimita moja mradi rangi iwe nyepesi ya kutosha. Kile kipimo ni upana wa tundu la nozeli tu. Sindano imechongoka, kwa hiyo ukivuta triga (kitufe cha kidole) kidogo sana, rangi hupita kwenye uwazi mdogo sana kandokando ya ncha, hata tundu lenyewe likiwa kubwa. Ukiweka rangi nzito kwenye eabrashi ya mm 0.18 kama Custom Micron, itaziba kila baada ya muda mfupi, hasa ukitumia nyeupe, maana nyeupe isiyopenyeka ni nzito na hukauka upesi kwenye ncha.

Basi tuanze na rangi. Kwa rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya eabrashi, mfano Createx Wicked, uwiano wa 1:1 na redyusa (kimiminika cha kupunguza uzito wa rangi) unatosha kwa vivuli. Kwa vinyweleo, nenda sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 3 za redyusa, na kwa mistari myembamba kabisa hata 1:5. Kikombe cha eabrashi ni kidogo, kwa hiyo hesabu kwa matone: matone 2 ya rangi kwa matone 6 ya redyusa ni mwanzo mzuri. Tanguliza redyusa kikombeni, kisha rangi. Ukianza na rangi, tone zito hushuka moja kwa moja hadi kwenye nozeli kabla hujachanganya chochote. Bora zaidi uchanganye kwenye chupa pembeni na kuchuja kwa kipande cha soksi ya nailoni.

Kujua kama imekaa sawa, inamisha kikombe rangi ipande kwenye ukuta wake wa ndani, kisha uirudishe. Ikishuka haraka na kuacha utando unaoonyesha chuma chini yake, imefaa. Ikishuka polepole na kuacha ukuta umefunikwa, bado nzito. Usizidishe maji matupu badala ya redyusa: maji hujikusanya matone matone juu ya rangi ya gari, na rangi iliyochujuka kwa maji haishiki vizuri.

Rangi nyepesi hivyo itaonekana hafifu, na wengi hapo huogopa wakarudi kwenye rangi nzito. Kuwa hafifu ndiyo faida yake. Unapita mara mbili au tatu juu ya unywele uleule mpaka ukolee, na ukikosea mara ya kwanza hakuna atakayeona.

Presha inafuata rangi. Rangi ya 1:3 hufanya kazi vizuri kati ya psi (kipimo cha presha ya hewa) 12 na 18. Ya 1:5 inaweza kushuka hadi psi 8 au 10. Soma geji wakati umebonyeza triga na hewa inatoka, kwa sababu namba unayoiona hewa ikiwa imefungwa hushuka mara tu unapoanza kupuliza. Presha ikiwa ndogo mno kwa rangi uliyonayo, mstari hutoka wa chembechembe kama mchanga. Ongeza psi 2 kwa wakati mmoja, au punguza uzito wa rangi. Kompresa isiyo na tangi hupuliza kwa mapigo, na mapigo hayo huonekana kwenye mstari mrefu kama shanga. Hata tangi la lita 3 huondoa tatizo hilo. Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, weka kichujio cha maji karibu na eabrashi na mwaga maji ya tangi kila siku ya kazi. Tone moja la maji likipita kwenye mpira wa hewa litaharibu jicho ulilolichora kwa saa nzima.

Mazoezi ya nukta yaje kabla ya mistari. Nukta hukuonyesha kidole chako kinafanya nini, bila mkono kuingilia. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, na weka nukta kwenye kila makutano ya mistari. Shika eabrashi wima, ncha ikiwa kama milimita 5 kutoka kwenye karatasi. Bonyeza triga chini ili hewa itoke peke yake. Sasa vuta nyuma taratibu mno mpaka rangi ianze kuonekana, hapohapo rudisha triga mbele ifunge, kisha ndipo uachie hewa. Mpangilio huu usivunjwe. Ukiachia hewa wakati sindano bado iko wazi, rangi hubaki kwenye mdomo wa nozeli, na nukta inayofuata itaanza kwa kutema.

Nukta ikitoa miguu ya buibui, rangi imefika nyingi kuliko inavyoweza kukauka na hewa inaisukuma pembeni. Sababu huwa ni triga iliyovutwa sana, au kukawia mahali pamoja, au presha kubwa kwa umbali mdogo. Ukitaka nukta kubwa, rudi nyuma hadi sentimita 1 au 2 badala ya kukawia. Ukitaka iliyokolea, igonge mara tatu kwa kiasi kidogo, ukiacha hewa tupu ikaushe kila safari. Safu kumi zikitoka sawasawa kwa ukubwa, unganisha nukta hizo kwa mistari.

Kwenye mstari, mkono uanze kusogea kabla rangi haijatoka na uendelee baada ya kuifunga. Asiyefanya hivyo hupata donge kila mwisho. Mstari mrefu husukumwa kwa bega na kiwiko, kiganja kikiwa kimetulia. Kinyweleo kifupi ndicho cha kifundo cha mkono, huku mkono wa pili ukishikilia wa kwanza. Kadiri unavyokaribia, ndivyo unavyotakiwa kwenda haraka. Kwenye milimita 3 hakuna nafasi ya kusitasita.

Kope ina siri yake: anzia kwenye shina, kwenye ukingo wa jicho, halafu chapa nje kwa mkunjo huku triga ikirudi mbele na ncha ikisogea karibu zaidi. Mwisho wake utachongoka wenyewe. Ukianzia kwenye ncha kuelekea shina, utapata kope butu.

Kuna dalili moja ambayo hudanganya watu wengi. Unavuta triga, hakuna kitu. Unavuta zaidi, bado. Kisha rangi inalipuka ghafla. Wengi huongeza presha, ilhali shida ni rangi iliyokauka kwenye ncha ya sindano. Weka pembeni pamba za masikio zilizoloweshwa dawa ya kusafishia, na ufute ncha kwa upole kila baada ya dakika chache, ukifuata mwelekeo wa sindano kutoka nyuma kwenda mbele. Siku za joto kavu, tone 1 la kichelewesha ukavu kwa matone 10 ya mchanganyiko husaidia. Likizidi, mistari hukaa mibichi na kuchafuka.

Mstari ukienda upande mmoja, tazama ncha dhidi ya mwanga. Ikiwa imepinda, inyooshe kwanza kwa ukucha ikiwa bado ndani ya nozeli, kwa sababu ukiivuta ikiwa na ndoano itaikwaruza nozeli. Ikishatoka, izungushe juu ya kioo na uisugue kidogo kwa msasa wa maji namba 2000. Mapovu yakionekana kikombeni, hewa inarudi nyuma: nozeli haijakaa vizuri au imepasuka. Nta kidogo ya nyuki kwenye nyuzi huziba uvujaji, lakini usikaze kwa nguvu; nyuzi za nozeli hukatika kirahisi, na kipuri ni ghali.

Kuhusu kofia ya sindano, kuitoa hukuruhusu kusogea karibu zaidi na hupunguza hewa inayorudi kutoka kwenye bati. Ila ncha inabaki uchi kabisa. Kofia iliyokatwa meno ni suluhisho la kati, na mimi naipendekeza kwa anayefanya kazi akiwa amesimama kwenye ngazi.

Bati la gari lenye mng'ao huteleza, na rangi nyepesi itakimbia. Lipitishie msasa wa maji namba 800 hadi 1000 mpaka mng'ao wote uondoke, lifute mafuta, kisha ndipo uchore. Ukitumia rangi za gari na thina, vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Kitambaa hakizuii mvuke.

Mwisho ni klia, ile vanishi angavu ya juu, ambayo inaweza kuyeyusha vinyweleo vya siku nzima. Acha rangi ya maji ikauke kabisa, kisha puliza koti mbili za ukungu tu, kavukavu, ukisubiri kama dakika 10 hadi 15 katikati. Zikishashika, ndipo ushushe koti zito la klia lililolowa.