Ubunifu Chini ya Jicho la Mtoa Tuzo

Katika tafiti za saikolojia ya jamii nilizowahi kuzisoma, hakuna ulionikaa akilini kuliko jaribio dogo la mashairi ambalo Teresa Amabile alilichapisha mwaka 1985. Amabile ni Mmarekani aliyeanza na shahada ya kemia, akahamia saikolojia, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1977, akafundisha Chuo Kikuu cha Brandeis kwa miaka mingi na hatimaye akaingia Shule ya Biashara ya Harvard. Kazi yake yote imezunguka swali moja: ni mazingira gani yanayomwezesha mtu wa kawaida, asiye gwiji wala nabii, kutoa wazo jipya linalofaa, na ni mazingira gani yanayoliua wazo hilo kabla halijatamkwa.

Aliwakusanya vijana 72 ambao tayari walikuwa na mapenzi ya kuandika. Kila mmoja alitakiwa atunge shairi fupi la mistari mitano kuhusu theluji: mstari wa kwanza jina moja tu, wa pili sifa mbili za kitu hicho, wa tatu vitenzi vitatu, wa nne maneno yoyote apendayo mtunzi, na wa tano kulirudia jina la mwanzo. Baada ya hapo ndipo jaribio lenyewe lilipoanza. Kundi moja lilipewa orodha ya sababu za kuandika zinazotoka moyoni, kama vile raha ya kusoma kitu kizuri ulichokiandika mwenyewe au nafasi ya kueleza yaliyo ndani yako, na kila mtu akazipanga kwa uzito anaouona. Kundi la pili lilipewa sababu za nje: kwamba soko la waandishi linapanuka, kwamba unataka walimu wako wavutiwe na kipaji chako, kwamba umesikia habari za mtu aliyetajirika kwa kitabu kimoja. Kundi la tatu halikupewa orodha yoyote. Kisha wote wakatunga shairi la pili, safari hii kuhusu kicheko, na mashairi yote yakapelekwa kwa washairi 12 wayapime bila kujua nani alikuwa kundi gani.

Makundi mawili hayakubadilika sana. Kundi lililotumia dakika chache kuzipanga sababu za nje lilishuka waziwazi. Nalitazama jambo hili kwa uzito kwa sababu katika jaribio hilo hakuna aliyeahidiwa hata senti, hakuna aliyetishwa, na hakuna aliyeambiwa kwamba anashindana na mwenzake. Vijana walikumbushwa tu kwamba wapo watu wenye uwezo wa kuwapa au kuwanyima kitu, na ukumbusho huo ukatosha kuyapunguzia mashairi yao uhai. Yeyote aliyepita katika shule zetu anajua insha huandikwa kwa ajili ya nani. Tangu darasa la awali mtoto humwandikia mwenye kalamu nyekundu, na sijui kama tumewahi kukaa tukajiuliza gharama yake ni kiasi gani.

Namna ya kupima ubunifu ilikuwa kikwazo cha muda mrefu, na njia aliyoibuni Amabile ina mantiki ninayoiheshimu. Badala ya kuunda fomula, aliwapa kazi husika watu wanaoifahamu fani hiyo, kila mmoja akahukumu peke yake kwa macho yake mwenyewe, bila kufundishwa vigezo. Waamuzi wakikubaliana kwa kiwango cha kutosha, makubaliano hayo ndiyo kipimo. Malenga wanaweza kukesha wakibishana juu ya vina na mizani, lakini yakisomwa mashairi kumi mbele yao, hawatofautiani sana kuhusu lipi limezaliwa na lipi limeungwaungwa.

Utafiti huu haukuota wenyewe. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha kwamba watoto wa shule ya awali pale Stanford, waliopenda sana kuchora kwa kalamu za rangi, walipungukiwa na hamu hiyo baada ya kuahidiwa cheti kwa kuchora, ilhali waliopewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa hawakupata madhara. Kilichoharibu hamu hakikuwa zawadi, bali mapatano: ukifanya hiki nitakupa kile. Amabile aliliendeleza swali hilo kutoka kwenye hamu ya kufanya kazi hadi kwenye ubora wa kazi yenyewe. Mwaka 1982 aliripoti kwamba wasichana wadogo waliotengeneza picha za kubandika vipande vya karatasi wakishindania zawadi walitoa kazi zilizohukumiwa kuwa na ubunifu mdogo kuliko za wenzao waliojua kuwa zawadi zitatolewa kwa bahati nasibu. Zawadi zilikuwepo pande zote mbili. Upande mmoja tu ndio uliokuwa na mtu mzima wa kuamua nani anastahili.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, suala la mamlaka linapoingia, na linaonekana vizuri zaidi katika utafiti alioufanya na wenzake miaka ya tisini kwa wasanii 23 wa sanaa za kuonwa. Kila msanii alitoa kazi 10 alizoagizwa na wateja na 10 alizozifanya kwa hiari yake. Wataalamu walizipima bila kujua zipi ni za oda. Kwa ufundi wa mkono hazikutofautiana. Kwa ubunifu, kazi za oda zilikuwa chini, na hasa zile ambazo msanii alijihisi amebanwa na matakwa ya mteja. Kumbe malipo peke yake hayatoshi kuieleza tofauti hiyo. Mteja anayelipa kisha akamwachia msanii uwanja wake hana madhara ya yule anayelipa na kusimama begani.

Wapo waliompinga. Mwaka 1996 Robert Eisenberger na Judy Cameron waliandika kwamba madhara ya zawadi yametiwa chumvi, na mwaka 1999 Edward Deci na wenzake wakajibu kwa kuchambua majaribio 128 yaliyoonyesha kwamba zawadi za masharti zinapunguza hamu ya ndani. Amabile mwenyewe alikuwa amekwisha kulegeza msimamo wake wa awali, akikubali kwamba zawadi inayothibitisha uwezo wa mtu au kumwezesha kufanya kazi yake inaweza kuishi pamoja na motisha ya ndani. Tena majaribio ya enzi hizo yalitumia watu wachache, na tangu mradi wa mwaka 2015 uliorudia tafiti 100 za saikolojia na kuona kwamba zilizotoa tena matokeo ya kuaminika kitakwimu ni zaidi kidogo ya theluthi moja tu, msomaji makini hana budi kuwa na tahadhari. Kwa hiyo silichukulii jaribio la theluji na kicheko kuwa sheria. Nalichukulia kuwa dalili ya kweli, na ninaipa uzito zaidi kazi yake iliyofuata, iliyofanyika nje ya maabara.

Akishirikiana na mumewe, Steven Kramer, ambaye pia ni mwanasaikolojia, Amabile aliwafuatilia wafanyakazi 238 katika timu 26 za kampuni 7. Kila siku ya kazi ilipokwisha walipokea barua pepe yenye maswali machache, mojawapo likiwataka wasimulie tukio moja la siku hiyo. Zilipatikana shajara karibu 12,000, na kitabu kilichotokana nazo kilitoka mwaka 2011. Siku zilizokuwa njema, siku ambazo mtu alikuwa na ari na mawazo yakamjia, zilitofautishwa zaidi ya yote na kitu kimoja: kazi yenye maana kwake ilikuwa imesogea mbele, hata kwa hatua ndogo. Siku za kukimbizwa na muda zilikuwa na fikra za ubunifu kidogo, ingawa wenyewe mara nyingi walijiona kwamba siku hizo ndipo walipokuwa wabunifu.

Kinachoniuma katika shajara hizo ni udogo wa mambo yanayovunja. Mkuu anabadilisha lengo bila kueleza, au analipuuza wazo kikaoni, au anachungulia kila hatua kana kwamba hamwamini mfanyakazi aliyemwajiri. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuandikiwa barua ya malalamiko, na pengine ndiyo maana hudumu. Amabile na Kramer walipowauliza wakuu wa kazi 669 wapange mambo matano kwa uwezo wake wa kuwatia watu ari, kusaidia kazi isonge mbele kuliwekwa mwisho kabisa. Wenye mamlaka makubwa zaidi juu ya siku ya mfanyakazi hawakujua ni nini hasa wanachokishika mkononi.

Pendekezo lao kwa wakuu hao ni kujaza orodha fupi kila jioni: leo timu imesogea wapi, imekwama wapi, na mimi nimechangia nini katika yote mawili. Ningependa sana kuona wahariri na walimu wakuu wetu wakilijaribu kwa muhula mmoja, na wakijaza kipengele cha tatu kabla ya vile viwili vya kwanza.