Ijumaa ya kuvunja jungu

Saa 11 alfajiri jirani yangu ameshakalia mbuzi, anakuna nazi. Simu haijalia lakini usingizi ndiyo umekwisha. Leo ni Ijumaa, tarehe 13 Februari 2026, na shuleni kwetu hapa Tanga ndiyo siku ya kula kabla ya mfungo. Mwaka jana Ramadhani na Kwaresima zilipishana siku chache tu. Mwaka huu zimeandamana kabisa. Jumatano ya Majivu ni tarehe 18, na Ramadhani nayo inatazamiwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, mwezi ukiandama. Mimi ni Mbondei wa Muheza, Mwanglikana, nafundisha darasa la tatu ambalo zaidi ya nusu ni watoto wa Kiislamu. Wiki ijayo karibu darasa zima litakuwa na mfungo nyumbani.

Saa 12 na nusu niko getini, mimi ndiye wa zamu. Watoto wanaingia na mizigo: huyu nazi mbili, huyu kibaba cha mchele kwenye mfuko wa sukari, huyu vijiti vitatu vya kuni kichwani. Tulikubaliana na wazazi kwamba hakuna kuandika nani kaleta nini. Miaka ya nyuma tuliandika, na waliokuja mikono mitupu walikuwa wanajificha chooni wakati wa kula. Sasa kila kitu kinatupwa kwenye beseni moja, basi.

Kuna suala la jina pia. Kwenye kundi la wazazi Mwalimu Mkuu aliandika "chakula cha pamoja". Mzazi mmoja alikuwa amelalamika kwamba vunja jungu si jambo la dini, ni kisingizio cha watu kwenda ufukweni kulewa. Hakukosea sana, masheikh nao hukemea hayo kila mwaka. Ila kwa bibi zetu vunja jungu lilikuwa ni kupika vizuri, kuitana ndugu na majirani, na kuuaga mchana wa kula. Watoto hawakusoma tangazo la Mkuu. Wanasema vunja jungu, na mimi nasema hivyo hivyo.

Saa 2 hadi saa 3 na nusu, hesabu. Kutoa kwa kukopa. Harufu ya kitunguu inaingia dirishani kutoka jikoni, sitaki kusema zaidi.

Kipindi cha dini tumekivuta mbele. Wa ustadhi wanakwenda chini ya mwarobaini, wa katekista wanabaki darasani. Msichana mmoja anamkabidhi katekista tawi la mtende lililokauka, lilikaa juu ya mlango wao tangu Jumapili ya Matawi ya mwaka jana. Litachomwa liwe majivu ya kupakwa Jumatano. Hapo ndipo kijana wangu wa dawati la mbele, ambaye alitakiwa awe mwarobainini, anarudi mbio na kufungua kitu alichokifunga kwenye kanga.

Chungu. Chungu cha udongo hasa, cheusi kwa moshi, ukingo umemeguka kidogo, ndani bado kinanukia pilipili manga.

"Mwalimu, nimelileta jungu."

Jana nilitangaza: kesho tunavunja jungu, kila mtu aje na alichojaliwa. Amejaliwa chungu cha bibi yake. Nacheka mpaka naegemea ubao, kisha namweleza kwamba ni msemo tu. Ananitazama, anatazama tawi mkononi mwa katekista.

"Mbona la kwake litachomwa, na langu halivunjwi?"

Katekista anageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mimi sina jibu. Nakifungia chungu kabatini pamoja na chaki.

Saa 4 na nusu chakula kinapakuliwa. Akina mama watano wamepika wali wa nazi kwenye masufuria mawili makubwa, maharage, na mchuzi wa vibua waliotoka soko la samaki la Deep Sea asubuhi. Watoto sita sita kwa sinia, chini ya mwembe. Sufuria la pili limeshika chini, na mama aliyekuwa akilisimamia anaomba radhi kana kwamba kaharibu harusi. Hakuwa na haja. Ukoko uligombewa kuliko vibua. Ikabidi niugawe mwenyewe kwa kijiko, kipande kipande, huku nikihesabu vidole vinavyonyooshwa. Wasiokuja na kitu walikuwa wangapi? Sijui, na ndivyo tulivyotaka.

Saa 6 kengele ya kutoka, wavulana wanakimbilia msikitini. Mchana ni kuosha masinia, kusahihisha madaftari, na kutafuta mwiko wa mama fulani ambao mpaka naandika hapa haujaonekana.

Saa 10 na nusu napanda bodaboda kwenda Makorora, chungu nimekipakata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mwizi wangu?"

Alikitafuta tangu asubuhi, alidhani kimeazimwa na jirani. Namsimulia. Hacheki mara moja. Kwanza anakipokea kwa mikono miwili, anakigongagonga ubavuni kwa kidole, anasikiliza mlio. Kizima. Ndipo anacheka, meno machache yote nje.

"Hiki ndicho cha uji wa futari. Angekivunja, mwezi mzima ningepikia sufuria, na uji wa sufuria si uji."

Mjukuu amejificha nyuma ya mlango, naona miguu tu.

Bibi ananiuliza sisi tunaanza lini kufunga. Namwambia Jumatano.

"Basi mwezi ukiandama Jumanne tutaanza wote," anasema, anainama na kuingia nacho ndani.